Mji wa Mimba Hubana Vipi, na Kwa Nini Wakati Mwingine Hukataa



Swali tulilopata kutoka kwa akina mama wa upande wa Kitengela ni fupi lakini zito. Wanauliza: inakuwaje mama azae vizuri, mtoto alie, watu wafurahi, halafu kabla hata chai haijachemka mama huyo huyo awe amelowa damu na macho yanamgeuka? Wengine husema amerogwa. Wengine husema hiyo ni damu mbaya inajitoa, iacheni iishe. Yote mawili si kweli, na hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu linafanya watu wakae wakingoja wakati hakuna wakati wa kungoja. Katika Mwanzo sura ya 35 tunasoma jinsi Raheli alivyofariki njiani akimzaa Benyamini. Kwetu Kenya, hesabu ya sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa, akina mama 355 walikufa kwa mambo ya uzazi, na kutokwa na damu ni kati ya sababu kubwa kabisa.

Ili tujibu swali, lazima kwanza tujue mji wa mimba ni kitu gani. Ni misuli. Mama asiye na mimba, mji wake una uzito wa kama gramu 60 au 70 tu, mdogo kama peasi. Mimba ikikomaa, misuli hiyo imekua mpaka karibu kilo moja, bila kuhesabu mtoto na maji. Lakini si misuli kama ya mkono. Mkono ukiuambia shika jembe, unashika. Mji wa mimba huwezi kuuambia bana, wala huwezi kuuambia acha. Ni wa jamaa moja na misuli ya utumbo na ya mishipa ya damu, inayoitwa misuli laini. Hufanya kazi yake hata ukiwa umelala. Mama aliyevunjika uti wa mgongo na hana nguvu za miguu bado mji wake unaweza kubana na kumsukuma mtoto.

Sasa kama wewe mwenyewe huuamuru, nani anauamuru?

Mji huo umejengwa kwa nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo huitwa seli. Kila seli ina milango kwenye ngozi yake. Mlango ukifunguliwa kwa ujumbe unaofaa, madini ya kalsiamu huingia ndani. Ndiyo hiyo hiyo kalsiamu iliyo kwenye maziwa na mifupa. Ikishaingia, inaamsha nyuzi mbili za ndani ya seli, moja inateleza juu ya nyingine, na seli inakuwa fupi. Hiyo ndiyo maana ya kubana. Kalsiamu ikitolewa nje, seli inarefuka tena na mama anapumzika kidogo mpaka uchungu mwingine uje.

Seli moja ikibana peke yake haisukumi kitu. Kwa miezi mingi ya mimba seli hizi huishi kila moja kivyake, na homoni inayoitwa projesteroni inazituliza. Karibu na siku ya kuzaa, seli zinatoboa vijia vidogo kati ya moja na jirani yake, ili moja ikistuka zote zistuke. Ni kama harambee. Mtu mmoja akivuta gari lililokwama matopeni, halitoki. Watu ishirini wakivuta kila mtu kwa wakati wake, pia halitoki. Wakivuta pamoja, linatoka.

Haya, wajumbe wanaofungua milango ni wa namna mbili. Wako wanaotumwa na mishipa ya fahamu, na wako wanaosafiri na damu. Mishipa ya fahamu haigusani na misuli moja kwa moja. Mwisho wa mshipa hutoa tone dogo la dawa ya mwili, tone hilo linavuka nafasi ndogo na kugonga mlango wa seli. Mjumbe mmoja anaitwa asetilikolini, na huyu huufanya mji ubane. Mwingine ni noradrenalini, ndugu yake adrenalini. Adrenalini yenyewe humwagwa zaidi kwenye damu na tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, mtu akiogopa au akikasirika.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu kidogo, kwa hivyo someni polepole. Barua moja inaweza kusomwa tofauti katika nyumba tofauti. Adrenalini ikifika kwenye moyo, moyo unaenda mbio. Ikifika kwenye mapafu, njia za hewa zinafunguka. Kwenye mji wa mimba iko milango ya aina mbili. Aina ya alfa ikigongwa, misuli inabana. Aina ya beta ikigongwa, misuli inalegea. Adrenalini hupenda sana mlango wa beta, na wakati wa mimba kulegea ndiko hushinda. Ndiyo sababu dawa ya pumu iitwayo salbutamoli, ambayo hufungua mapafu kwa kugonga mlango wa beta, imewahi kutumiwa na madaktari kupunguza uchungu uliokuja kabla ya miezi kutimia. (Msifanye hivyo nyumbani. Inapandisha mapigo ya moyo, na ni kazi ya daktari.)

Wafugaji wa Kajiado hawahitaji kitabu kujua jambo hili. Ng'ombe anayetaka kuzaa hujitenga na kundi. Mbwa wakimbwekea, watoto wakimzunguka, anasimama na kazi inachelewa. Mwili wake umepata habari kwamba hapa si salama, basi ngoja kwanza. Mwanadamu naye ni hivyo hivyo. Akina mama walipopimwa damu wakiwa katika uchungu, wale waliokuwa na wasiwasi mwingi walikutwa na adrenalini nyingi, na mji wao ulibana kwa udhaifu na kwa muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo mama mkwe anayemtisha msichana wa mara ya kwanza kwa hadithi za waliokufa, na mhudumu anayemfokea mama ati “ulipokuwa huko hukulia”, wote wawili ni kama wanamdunga dawa ya kulegeza mji. Mimi naona hili lisemwe wazi. Upole katika chumba cha kuzalia ni sehemu ya matibabu, haugharimu shilingi, na hauhitaji mfadhili kutoka nje. Utafiti uliokusanywa mwaka 2017, wa akina mama zaidi ya 15,000 katika nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba mama aliye na mtu wa kukaa naye muda wote wa uchungu huzaa mapema zaidi na hupasuliwa mara chache. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kila mama awe na mwenzake anayemchagua mwenyewe. Anaweza kuwa dada, shosho, jirani, au bwana wake kama mama anataka. Enkaitoyoni ambaye amewazalisha wengi kijijini anaweza kufanya kazi hii vizuri sana hospitalini, kumshika mkono na kumsugua mgongo, huku nesi akifanya yake.

Mjumbe mkubwa kuliko wote, lakini, hatoki kwenye mishipa ya mji wenyewe. Anaitwa oksitosini, na anatengenezwa kichwani, kisha anamwagwa kwenye damu na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Mwaka 1906 mwanasayansi Mwingereza, Henry Dale, aligundua kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka tezi hiyo ya ng'ombe yanaufanya mji wa paka ubane. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud alifaulu kuitengeneza oksitosini katika maabara, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobeli. Sindano inayodungwa pajani mtoto akishatoka ni hiyo.

Mji hauisikii oksitosini sawa kila wakati. Mwanzoni mwa mimba milango yake ni michache. Karibu na kuzaa inaongezeka sana, na hapo hata tone kidogo linatosha. Kichwa cha mtoto kikikandamiza mlango wa uzazi, mishipa ya fahamu inapeleka habari ubongoni, ubongo unamwaga oksitosini, mji unabana, kichwa kinakandamiza zaidi, ubongo unamwaga tena. Gurudumu hilo linazunguka mpaka mtoto atoke. Chuchu ya mama ikinyonywa nayo hupeleka habari ile ile. Ndiyo maana mama anayenyonyesha siku za kwanza husikia tumbo likimkata. Asiogope, mji unarudi mahali pake.

Sasa turudi kwa lile swali. Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye mji kwa dakika moja ni kati ya mililita 500 na 700. Fikirini chupa ya soda ya nusu lita ikijaa kila dakika. Damu hiyo ilikuwa inamlisha mtoto kupitia kondo la nyuma. Kondo likibanduka, linaacha mahali pana kama kidonda, na mishipa ya damu iko wazi. Nini kinaifunga? Si kuganda kwa damu peke yake, kuganda kunachukua muda. Ni misuli. Nyuzi za mji zimepita huku na huku kama ufumaji wa kiondo, na mishipa ya damu imepita katikati ya nyuzi hizo. Mji ukibana, kila mshipa unakabwa kama mpira wa maji unaokunjwa. Damu inakoma. Mji usipobana, mpira uko wazi. Huyo ndiye mama anayemalizika chai ikichemka. Hakuna aliyemroga. Misuli yake imelegea.

Kwa nini ilegee? Mara nyingine imechoka, kama uchungu ulikuwa wa siku nzima na zaidi. Mara nyingine ilivutwa mno na mapacha, au na mtoto mkubwa. Kipande cha kondo kikibaki ndani, mji hauwezi kujikunja vizuri. Kibofu kilichojaa mkojo nacho kinausukuma kando na kuuzuia, jambo dogo ambalo watu husahau kabisa. Lakini jueni kwamba wengi wanaotokwa na damu hawakuwa na dalili yoyote mbele. Aliyezaa watano vizuri anaweza kupata shida kwa wa sita. Na mama ambaye tayari ana upungufu wa damu hawezi kustahimili hata kiasi ambacho mwenzake angestahimili. Wale wanaoacha vidonge vya madini ya chuma walivyopewa kliniki kwa sababu vinakausha choo, wafikirie tena.

Tuseme kidogo kuhusu dawa, kwa sababu kuna jambo ambalo vikundi vinaweza kuuliza. Oksitosini hupenda baridi. Inatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto inapungua nguvu, na kwa kuitazama huwezi kujua, ni maji meupe tu yale yale. Fikirini dispensari ya mbali huko Mashuuru au ndani ya Ilbissil, jua la Februari, stima imepotea siku mbili. Nesi anadunga, anaamini amedunga dawa, na mji hausikii kitu. Kamati ya afya ya kijiji ina haki ya kuuliza: friji inafanya kazi? Gesi au sola ikiisha, ni nani anajulishwa? Kuuliza hivyo si kumshuku nesi. Mara nyingi nesi mwenyewe atafurahi kupata watu wa kumsaidia kupiga kelele kwa wakubwa.

Iko dawa nyingine, ndugu ya oksitosini, inaitwa kabetosini isiyoharibika kwa joto. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya majaribio ya akina mama karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, na ilionekana kuzuia damu sawa na oksitosini. Haihitaji friji. Viko pia vidonge vya misoprostoli, ambavyo hugonga milango mingine ya mji na havihitaji baridi ila vikae pakavu. Vinafaa pale ambapo hakuna mtu wa kudunga sindano. Hivi ni vya baada ya mtoto kutoka, na kama kuna pacha, baada ya wa pili kutoka. Msikie vizuri: baada. Mtu akipewa dawa ya kubana mapema, kwa kipimo kisicho sawa, mji unabana bila kupumzika. Kila mji ukibana, damu ya mtoto inapungua kwa muda. Bila mapumziko mtoto anakosa hewa ndani, na mji wenyewe unaweza kupasuka. Sindano ya kuharakisha uzazi iliyonunuliwa kwa mlango wa nyuma na kudungwa nyumbani ni hatari kuliko uchungu wowote mrefu.

Dawa za miti nazo zina kisa chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari wa Norwei, Lorents Gran, alikuwa akifanya kazi Kongo na Msalaba Mwekundu, mji wa Luluabourg ambao sasa ni Kananga. Aliona akina mama wakinywa chai ya mmea mdogo unaoitwa kalata-kalata ili uzazi uende haraka. Hakuidharau. Alichukua mmea akaupima, na kweli ulikuwa na kitu chenye nguvu ya kubanisha mji, na hakikuharibika hata kikichemshwa. Umbo lake lilijulikana kamili mwaka 1995: ni mnyororo uliofungwa mwisho kwa mwisho kama shanga za shingoni, ndiyo sababu maji ya moto hayaufungui. Kwa hivyo anayesema dawa za wazee ni uongo tu, amekosea. Shida ni kipimo. Sufuria ya leo si sawa na ya jana, na ukishakunywa huwezi kuitoa. Dripu hospitalini inaweza kufungwa mji ukibana kupita kiasi. Chai haifungwi. Wale wenye dawa za kienyeji tunawaomba tu wamwambie nesi ukweli mama alikunywa nini na saa ngapi, na nesi naye asimfokee, la sivyo mara ijayo hataambiwa.

Jambo jingine jipya limejaribiwa huku kwetu. Hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini zilishiriki, akina mama zaidi ya 210,000, na matokeo yalitolewa mwaka 2023. Zamani damu ilikadiriwa kwa macho, na macho hudanganya, hasa ikiwa imenywewa na shuka. Sasa waliweka chini ya mama plastiki yenye mfuko na alama, damu inaingia humo na kiasi kinaonekana. Ikifika alama, mambo yote yanafanywa pamoja bila kungoja moja lishindwe kwanza: kusugua mji, dawa ya kubanisha, dawa ya kusaidia damu kuganda, dripu, na kuchunguza kama kuna kipande kimebaki au kidonda. Pale palipokuwa na utaratibu wa kawaida, kama akina mama 43 katika kila 1,000 walipata madhara makubwa ya damu. Penye utaratibu mpya walikuwa 16. Plastiki na kufanya haraka, basi.

Na ikitokea njiani, au bomani, gari halijafika? Mtoto akishatoka, aguse kifua cha mama na anyonye mara moja, hiyo ni oksitosini ya bure. Msivute kitovu ili kondo litoke. Kondo likishatoka, mama akojoe. Mwenzake aweke mkono chini kidogo ya kitovu cha mama, atafute mji. Ukiwa mgumu kama ngumi iliyokunjwa, vizuri. Ukiwa laini kama unga uliokandwa, asugue kwa kuzunguka mpaka ugumu, na arudie kuupima kila mara. Mama alale, afunikwe apate joto. Kanga mbili zikilowa, au akianza kuona kizunguzungu, hakuna mkutano wa wazee wala kumngoja bwana arudi kutoka malishoni. Anapelekwa hivyo hivyo, mkono wa mtu ukiendelea kusugua ndani ya gari.

Bwana arudi kutoka malishoni ndilo jambo ambalo vikundi viongee wakati hakuna mgonjwa. Ruhusa ya kumpeleka mama itolewe mapema, mbele ya watu, mimba ikiwa ya miezi saba. Kikundi cha merigoraundi kinaweza kutenga pesa za usafiri zisizoguswa kwa harusi wala ada ya shule. Anayekaa karibu na barabara ya Namanga ana nafuu, atapata gari la kumpeleka Kitengela au hospitali ya rufaa ya Kajiado. Aliye ndani, mvua ikinyesha na mto ukijaa, ni afadhali mama akae kwa jamaa karibu na hospitali wiki mbili za mwisho. Kadi ya NHIF haitumiki tena tangu Oktoba 2024, sasa ni SHA, basi jiandikisheni kabla ya uchungu kuanza, si mlangoni. Damu ya kuongezewa mgonjwa nayo haitengenezwi kiwandani. Inatoka kwa watu wazima wenye afya, na wanaume wa vikundi ambao hujiona hawana kazi katika habari za uzazi wanaweza kuanzia hapo.

Katibu wa kikundi aandike kwenye daftari namba za simu za wenye magari wawili, si mmoja, na wa pikipiki mmoja wa kukimbia kuita. Halafu kila mwezi azipige, aone kama bado zinashika.